Asanteni kwa Kutufichia Riadha

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Vipindi vya Michezo,
Televisheni zote, za umma na za binafsi, za bure na za kulipia.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUFICHIA RIADHA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni katibu wa baraza la kahawa, Magomeni, Dar es Salaam. Baraza letu halijasajiliwa, katiba hatuna, na uenyekiti hushikwa na yeyote aliyelipia kahawa siku hiyo. Hata hivyo hatujawahi kukosa akidi. Kikao cha juzi kimeniagiza niwaandikie, kwa sababu tunajua barua mnazozipata ni za malalamiko tupu: mara sauti imetangulia picha, mara king'amuzi kimegoma dakika ya 89, mara tangazo la sabuni limeingia wakati penalti inapigwa. Sisi hatulalamiki. Tunashukuru.

Tunaanza na alfajiri ya Jumatatu, Septemba 15, 2025. Wakati sisi tumelala, kule Tokyo kulikuwa kumekucha, na Alphonce Simbu, mwanajeshi wa JWTZ na mtoto wa Singida, alikuwa anamaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha. Waliingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros akachomoka, Simbu akamfukuza hadi mstarini, Petros akaanguka hapo hapo kwenye mstari. Wote wawili wakaandikiwa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na Simbu akapewa dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.03. Siku moja kabla yake, Oblique Seville wa Jamaika alishinda mita 100 kwa tofauti ya sekunde 0.05. Yaani watu waliokimbia kilomita 42 na ushee walikaribiana mstarini kuliko watu waliokimbia sekunde kumi. Na hiyo ndiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983.

Asubuhi ile banda la mpira lililo mbele ya baraza letu lilifunguliwa kama kawaida. Mwenye banda alitoa rimoti yake mfukoni (imefungwa nailoni na mpira wa tairi la baiskeli ili betri zisiruke), akabonyeza kituo kimoja baada ya kingine, na kote akakuta hekima yenu: marudio ya sare ya bila kufungana, ngoma za usiku, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, na wachambuzi wanne wakijadili goti la mshambuliaji ambaye hajasajiliwa bado. Habari za Simbu tulizipata kwenye simu ya dereva wa bodaboda, kwenye kundi la WhatsApp la mazishi.

Laiti mngetuonyesha, waheshimiwa, mngetunyima mambo mengi. Sikilizeni wenyewe kikao kilivyokwenda.

"Mwalimu, sasa kama muda ni mmoja, mshindi kajulikanaje?" aliuliza bodaboda.

Mwalimu wetu amestaafu lakini hajaacha kufundisha. "Kwa picha ya mstarini."

"Basi kamshinda pua."

"Pua haihesabiki. Kanuni inataka kiwiliwili. Kichwa, shingo, mikono, miguu, vyote havimo."

Hapo muuza nyama, ambaye kwa kawaida hachangii hoja isiyohusu Yanga, aliinua uso. "Na kitambi?"

Mwalimu alikunywa funda moja la kahawa, akafikiri kwa haki kabisa, akasema, "Kitambi kimo."

Muuza nyama alisimama, akajishika tumbo, akaagiza kahawa na kashata kwa watu wote. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti hadi magharibi. Sasa mngetuonyesha picha ile ya mstarini mara mbili tatu, polepole, kama mnavyotuonyesha mpira uliogonga mwamba, hoja ingeisha kwa dakika moja na kila mtu angelipa chake.

Tumeambiwa hata Simbu mwenyewe hakuwa na uhakika. Ilibidi ainue macho aangalie skrini kubwa ya uwanja ndipo aone jina lake limekaa juu. Yeye tunamsamehe, alikuwa amechoka. Anayetoka kukimbia ana haki ya kuhitaji skrini. Sisi tuliokaa tunayo midomo.

Pokeeni pia pongezi kwa taarifa zenu za riadha, zile za sekunde ishirini zinazobanwa kati ya msimamo wa ligi na hali ya hewa. Kijana mmoja wa kituo ambacho baraza limeamua kutokitaja alitusomea kwamba mshindi ametumia dakika mbili na sekunde tisa. Mwalimu aliomba kalamu, akapiga hesabu juu ya karatasi ya kashata: ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa. Ndege ya abiria inaachwa. Tulijivunia sana nchi yetu siku hiyo.

Wazee wetu wanataka niwakumbushe kwamba huu utamaduni wa kukimbia bila kuonekana ni wa asili, msije mkadhani mmeuanzisha nyinyi. Februari 2, 1974, kule Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyekuwa wa pili naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani, maskini, na rekodi hakuipata. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Wakati huo ndugu zetu wa Zanzibar tayari walikuwa na televisheni ya rangi. Sisi wa Bara tulingoja mpaka 1994, kwa hiyo Bayi tulimwona kwa masikio na kwa magazeti.

Na tulimwona vizuri! Fundi cherehani wetu, ambaye mwaka huo alikuwa bado mwanafunzi, ndiye shahidi wetu mkuu. Huweka mkasi chini, futi ikining'inia shingoni, akasimama katikati ya baraza. "Bunduki imelia. Wenzake wanaangaliana, yeye huyo! Mzunguko wa kwanza yuko mbele. Wa pili yuko mbele. Watu wanasema atakatika." Hapo hugeuka nyuma kidogo, kama anayemtafuta Walker kati ya viti vya plastiki. "Hakukatika." Suruali ya mteja hubaki na mguu mmoja hadi kesho yake, na hakuna mteja aliyewahi kudai. Bayi alikimbia vile kweli, akiongoza mwanzo mwisho, jambo ambalo wakimbiaji wenye akili timamu hawalifanyi katika mita 1,500. Fundi hakuongeza kitu. Labda zile mita za nywele za Walker.

Lakini mbio tunazozipenda kuliko zote ni za Montreal 1976, kwa sababu hazikukimbiwa. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini, nchi nyingi za Afrika zikaigomea Olimpiki, Tanzania ikiwemo, na Walker akachukua dhahabu bila Bayi. Dunia nzima ilikuwa inasubiri wakutane. Picha haipo, muda haupo, matokeo hayapo. Barazani Bayi ameshashinda mara zisizo na idadi, safari nyingine kwa kumvuta Walker hadi mita mia za mwisho, safari nyingine kwa kumwacha tangu mwanzo, inategemea fundi amelala vipi. Hayo ndiyo matangazo ya moja kwa moja tunayoyaelewa.

Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi alileta fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5,000. Mpaka leo Olimpiki hatujapata medali nyingine. Mnaona wenyewe mlivyotuepushia kuchoshwa na marudio.

Kuna mmoja tu ambaye picha yake iliponyoka. John Stephen Akhwari wa Mbulu, marathoni ya Mexico City, 1968. Alianguka, goti likateguka, akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Giza limeingia, watazamaji wengi wameondoka, na Akhwari akaja anachechemea, bendeji inamning'inia mguuni, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Tunayajua hayo kwa sababu kulikuwa na watu wa kamera waliomngoja. Wageni, hawana shughuli. Walimngoja Mtanzania wa mwisho gizani. Wataalamu wetu wameendelea mbele zaidi: hawamngoji hata wa kwanza.

Nakiri hapa kikao kilipoa kidogo, na muuza kahawa akazungusha vikombe bila kuulizwa.

Nirudi kwenye faida. Kwa kuwa hatuoni wanavyokimbia wenye kukimbia, kila mwanabaraza aliyevuka miaka hamsini amebaki mkimbiaji wa kimataifa aliyekwamishwa. Mmoja alikuwa anatisha kwenye mita 800 za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akakwamishwa na malaria. Mwingine alipokwenda mkoani kwenye UMITASHUMTA, ile ya shule za msingi, alikimbia pekupeku akawaacha waliovaa raba, zawadi ikawa daftari na sufuria, sufuria akaichukua shangazi. Mwingine goti. Mwingine mjomba aliyesema mbio hazilishi. Ukiwasikiliza wote unaweza kudhani nchi hii ilikuwa na timu ya kuitisha Ethiopia, ikamalizwa na wajomba. Siku mkituonyesha watu wanaokimbia kilomita kwa dakika tatu, kisha nyingine, kisha nyingine, kwa saa mbili, bila kutema mate, hizi historia zitakwenda wapi? Nani atamwamini babu?

Mama wa chapati, mwanamke pekee mwenye kiti cha kudumu pale, alihoji. "Na watoto?" Mwanawe wa darasa la sita anakimbia kwenda kununua unga na kurudi kabla mafuta hayajachemka. Tulimweleza kuwa hilo ndilo la hatari zaidi. Jirani zetu Kenya walimwachia kijana mmoja, Julius Yego, akae kwenye intaneti anatazama video za watu wanaorusha mkuki. Hakuna aliyemzuia. Mwaka 2015, Beijing, akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Hayo ndiyo matokeo ya kuangalia ovyo. Sasa fikirini mtoto wa Karatu au Hanang au Mbulu, mwenye milima nje ya mlango na shule mbali, akamwona Simbu mstarini. Ataanza kukimbia. Wakikimbia wengi, watapata medali. Wakipata medali, itabidi mwonyeshe. Mtaingia kwenye gharama.

Gharama tunazielewa, msidhani sisi ni watu wa kukaa tu. Haki za matangazo zina bei, mdhamini anataka Simba na Yanga, na kampuni ya kubeti haiwezi kuweka mkeka kwenye marathoni ambayo watu wamelala. Isitoshe marathoni haina kipindi cha mapumziko cha kupachika matangazo, ingawa ina saa mbili nzima za watu kukimbia tu, na bango lolote lingekaa pembeni bila kumsumbua mtu. Hoja hii ya mwisho ilitolewa na bodaboda. Tuliipuuza kwa kuwa hajasomea habari.

Mama wa chapati hakuridhika. Aliomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba saa tisa usiku yeye huwa macho anakanda unga, redio ya simu ikiongea peke yake. Alisema mlinzi wa ghala huwa macho, madereva wa malori huwa macho, wavuvi wa Feri huwa macho, na manesi wa zamu pia. Alisema watu hao wote mwezi ule walikuwa wanaangalia marudio ya mechi waliyoiona jana, na hakuna aliyewauliza. Nimeandika kama alivyosema.

Kwa hiyo, waheshimiwa, baraza limeazimia muendelee hivyo hivyo. Tunachowaomba ni kujiandaa mapema kwa jambo moja. Mwaka 2028 Olimpiki itakuwa Los Angeles. Mwalimu amepiga hesabu za saa, tena kwenye karatasi ileile ya kashata, na amegundua tatizo: marathoni ikianza asubuhi kule, huku itakuwa jioni. Watu watakuwa wametoka kazini, umeme Mungu akipenda utakuwepo, banda litakuwa wazi, na kisingizio cha usingizi hakitafaa. Mtahitaji sababu nyingine. Tunapendekeza tamthilia iwe imefika pabaya wiki hiyo, au patafutwe goti jipya la mshambuliaji la kujadiliwa na wachambuzi sita badala ya wanne. Mkikosa kabisa, onyesheni mbio zenyewe, lakini kwa taarifa ya miezi mitatu, ili fundi apunguze oda za suruali na wazee wapate muda wa kurekebisha historia zao.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
Baraza la Kahawa, Magomeni.

Nakala: Muuza kahawa, kwa kumbukumbu na madeni.