Sifa za Kihoro cha Tamati

Hakuna huzuni iliyodhulumiwa kwa kunyimwa sifa kama kihoro cha tamati, yaani ile hali ya kukosa utulivu inayomshukia mtunzi, mchongaji au mfumaji siku anapomaliza kazi aliyoishi nayo kwa muda mrefu, ambapo badala ya kufurahi huzunguka uani bila shughuli, hufungua kabati asilolihitaji na kulalamika kwamba chai imepikwa vibaya, hata kama aliyeipika ni yeye mwenyewe. Kihoro ni majonzi ya kupotelewa, ilhali tamati, kwa washairi, ni sehemu ya kufungia utenzi, ambamo aghalabu mtunzi hutaja jina lake na pengine tarehe na idadi ya beti. Na kuyaweka maneno hayo mawili pamoja ni kama kupiga vigelegele matangani, lakini ndivyo hali yenyewe ilivyo.

Uungwana wa kihoro hiki ni kwamba hakimbughudhi mvivu. Mwenye riwaya kumi zilizoanzwa na zisizo na mwisho hulala fofofo, hula vizuri na kutoa mawaidha kuhusu uandishi, ilhali aliyekamilisha moja tu ndiye anayekesha. Kwa hiyo mtu akionekana ameikodolea macho dari saa nane za usiku, pasipo deni wala kesi, inafaa apewe pongezi.

Ubora wake hudhihirika zaidi katika utenzi. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo na unaohusishwa na mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100, na kila ubeti una vipande 4 vya mizani 8, mizani ikiwa ni hesabu ya silabi. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina chao, kisha cha nne hubeba kina cha bahari, ambacho hurudi vilevile ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Hesabu hiyo ni zaidi ya mizani 35,000, pamoja na maneno zaidi ya elfu moja yaliyolazimishwa kuvaa mkia mmoja. Baada ya kazi ya namna hiyo mkono huweza kuweka kalamu chini, lakini sikio halina habari, hivyo huendelea kudai kina kwa muuza samaki na kwa jirani anayepita akisalimia, mfano wa mtoza ushuru ambaye hajaambiwa kwamba sultani wake amekwisha kufa. Wasioelewa huiita hali hii uchovu. Kusema kweli ni kipaji kilichokosa ajira.

Wazungu nao wameionja neema hiyo. Edward Gibbon, mwanahistoria wa Uingereza aliyepata wazo la kuandika juu ya kuanguka kwa Dola ya Rumi mwaka 1764, alimaliza juzuu ya sita na ya mwisho usiku wa tarehe 27 Juni 1787, katika kibanda cha bustanini mjini Lausanne, Uswisi. Akaweka kalamu, akatembea chini ya miti, akafurahi kwa kitambo, kisha akaingiwa na huzuni kana kwamba ameagana na sahibu wa miaka mingi asiyetarajiwa kurudi. Mtu huyo aliyezimudu takriban karne 13 za historia alishindwa baadaye kumaliza habari za maisha yake mwenyewe, akaacha rasimu 6 ambazo rafiki yake ndiye aliyeziunganisha baada ya kifo chake mwaka 1794. Ushahidi wa usiku ule, basi, umo katika kazi ambayo haikupata tamati, jambo linaloweza kuchukuliwa kuwa ni tahadhari ya mtu aliyekwisha kuungua mara moja.

Faida zake nyumbani hazihitaji maelezo marefu: bawaba zilizolia miaka mitatu hutiwa mafuta, na barua za zamani hujibiwa.

Lililobaki ni suala la adabu. Mwanamke aliyejifungua hupewa arubaini, yaani siku 40 za kupumzishwa na kukandwa kwa maji ya moto, na mfiwa hukaliwa matanga. Mtunzi aliyemaliza, ambaye amezaa na kufiwa kwa siku moja, huulizwa tu kitabu kingine kitatoka lini. Jamaa na majirani wanaombwa walihifadhi swali hilo walau kwa siku 40 na, wakijaliwa, wapike uji wa pilipili manga.