Nirudishieni Picha Yangu Mbovu

Natafuta mtu wa kuniomba radhi. Simdai fedha. Ninachotaka ni shabiki mmoja tu wa James Bond asimame mbele yangu aseme, "Kaka, kwa ile Licence to Kill tulikuonea." Basi. Nitamnunulia soda na yataisha.

Nimeipenda picha hiyo tangu enzi za kanda za VHS, zile ambazo ukichelewa kuzirudisha unaongezewa deni. Kwa kuipenda nimezomewa hadi mbele ya wakwe. Shemeji yangu alikuwa akisema Timothy Dalton ana sura ya mtu aliyekwenda benki akakuta mshahara haujaingia, na ukumbi mzima unaangua kicheko, mama mkwe naye akiwemo, ambaye picha yenyewe hajaiona. Juzi shemeji huyo huyo amekaa sebuleni kwangu ananieleza kwamba Dalton ndiye Bond wa kweli kuliko wote, na kwamba watu wa wakati ule hawakumwelewa. Watu gani, shemeji? Wataje kwa majina. Akaongeza kwa utulivu kabisa, "Mimi hilo nililisema zamani."

Ngoja nikumbushe tulikotoka. Mwaka 1989 Bond anakwenda kwenye harusi ya rafiki yake, Felix Leiter. Bibi harusi anauawa, bwana harusi anatupwa kwa papa, na bosi wa Bond anamwambia aachane na habari hizo arudi kazini. Bond anakataa, ananyang'anywa leseni, anaondoka kulipa kisasi bila posho wala kibali cha safari. Mfanyakazi yeyote wa serikali akitazama hapo lazima amwonee huruma. Lakini mashabiki walilalamika kwamba hatabasamu, kwamba damu imezidi, kwamba huyu si Bond, ni askari wa tamthilia za Marekani. Uingereza ikaiwekea alama ya kukataza walio chini ya miaka 15, kitu ambacho picha ya Bond ilikuwa haijawahi kupewa. Isitoshe, ikaingia sokoni msimu mmoja na Batman na Indiana Jones, ikakanyagwa. Zikafuata kesi za wenye mali, miaka sita ikapita bila Bond, na Dalton akajiondokea zake.

Kisha mwaka 2006 akaja Daniel Craig katika Casino Royale. Hatabasamu, anavuja damu na anagombana na bosi wake. Safari hii watu wakasimama kupiga makofi! Hao hao. Na kabla hata hawajaiona walikuwa wameapa kuisusia kwa sababu Craig ana nywele za kimanjano. Picha yenyewe mwanzoni inapitia Mbale, Uganda, halafu inahamia Madagascar ambayo kwa kweli ilipigwa Bahamas, lakini sikusikia shabiki hata mmoja aliyeumwa na jambo hilo. Bara na bahari vinaweza kubadilishana nafasi, ilimradi nywele ziwe nyeusi.

George Lazenby naye nimembeba kwa miaka mingi peke yangu. Kijana wa Australia, mwanamitindo, alipewa On Her Majesty's Secret Service ya 1969 bila kuwa na picha hata moja ya maana nyuma yake. Kosa lake kubwa lilikuwa kwamba yeye si Sean Connery, jambo ambalo hata yeye hakulikana. Mwishoni mwa picha Bond anaoa, na kabla hawajafika mbali mkewe anapigwa risasi ndani ya gari, na stelingi anabaki amemkumbatia. Watu hawakuja sinema kuliona hilo. Kwa miaka na miaka ukitaja picha hiyo unatazamwa kwa huruma. Baadaye Christopher Nolan, mwongozaji mkubwa kabisa, akasema ndiyo anayoipenda kuliko picha zote za Bond, na ukitazama vita vya kwenye theluji katika Inception utaona alikuwa hatanii. Mwaka 2021 No Time to Die ikachukua hadi wimbo wa Louis Armstrong uliokuwa kwenye picha ya Lazenby. Leo mtu akimsema vibaya Lazenby anaonekana hajasoma.

Ya Quantum of Solace ndiyo inanitia hasira kweli. Ilitoka 2008, ikiwa imetengenezwa wakati waandishi wa Hollywood wamegoma, na Craig mwenyewe alikuja kusimulia jinsi yeye na mwongozaji walivyolazimika kuokoteza maneno ya kusema. Hilo nakubali, kuna mahali unaona kabisa kwamba mwandishi hakuwepo. Lakini walilolisema mashabiki ni kwamba adui hana hadhi. Anataka nini? Maji! Wenzake walitaka kuiharibu dhahabu ya Fort Knox, walitaka kuangamiza binadamu wote kutokea angani, huyu Greene anaficha maji ya Bolivia chini ya jangwa ili awauzie wenyewe kwa bei yake. Eti hilo ni jambo dogo. Walioandika hivyo hawajawahi kuamka saa tisa usiku kusikiliza bomba. Mtaani kwetu, boza likiingia na bei mpya, hakuna anayeuliza kama adui ana hadhi. Na Bond alipomwacha Greene katikati ya jangwa na kopo la oili ya gari anywe hilo akisikia kiu, jirani yangu, mama wa watu, alishangilia hadi akamwamsha mtoto. Sasa ndiyo nasikia wataalamu wakisema picha ile iliona mbali. Nendeni mkamwambie jirani yangu.

Sasa kwa nini wanageuka? Nimelifikiria sana, na sidhani kwamba wanakaa wakatazama upya kwa haki. Kwanza, kila Bond mpya anakuja na adhabu yake, na mashabiki wakishachoka kuadhibiwa hukimbilia kwa yule waliyemfukuza. Craig alipowaliza picha tano mfululizo wakamkumbuka Roger Moore na Moonraker ya 1979, ile ya kwenda anga za juu kwa sababu Star Wars ilikuwa imeuza. Mle ndani Bond anaendesha gondola juu ya nchi kavu mjini Venice, na njiwa anageuza kichwa mara mbili kwa mshangao. Njiwa yule alitukanwa kwa miongo mingi. Siku hizi anatetewa.

Pili ni watoto. Picha ikimkuta mtu ana miaka tisa, haina kasoro. Unachotakiwa ni kusubiri akue, apate kazi na sauti, kisha utamsikia. Ndiyo maana sasa hivi kijana anayenitengenezea simu ananitetea Die Another Day ya 2002. Ile yenye gari lisiloonekana! Ile ambayo Pierce Brosnan anateleza juu ya wimbi kubwa la barafu iliyomeguka, na wimbi lenyewe ni la kompyuta na linajionyesha kuwa la kompyuta! Iliingiza zaidi ya dola milioni 400, sawa, na mimi nilichangia. Nikamwambia kijana: hapa hapana. Nimevumilia njiwa, gari hapana. Akanijibu, "Mzee, wewe si ndiye unayependa picha mbovu?"

Nikakosa la kusema. Hapo ndipo nilipoona wizi niliofanyiwa. Zamani nilikuwa na Dalton wangu na Lazenby wangu, nikiwatetea mimi dhidi ya dunia, na kulikuwa na raha yake. Sasa wamechukuliwa na watu wote, na mimi nimeachiwa gari lisiloonekana.

Na msidhani No Time to Die itabaki ilipo. Sisi tuliolelewa kwenye mabanda ya video tulikuwa na sheria moja: stelingi hafi. Anaweza kuzama mtoni, kulipuliwa, kufungwa kamba chini ya msumeno. Wewe kaa kwenye benchi utulie, atatokea. Bond akasimama kisiwani makombora yanashuka, tukasubiri atokee. Majina ya wapiga picha na washona nguo yakapita hadi mwisho. Hakutokea. Watu walitoka wakidai nauli zao. Lakini juzi nimesikia mmoja wao akisema kwa sauti ya upole kwamba ulikuwa mwisho wa heshima.

Tangu mwaka 2025 uamuzi juu ya Bond uko mikononi mwa Amazon MGM, na Denis Villeneuve ametangazwa kuiongoza picha ijayo. Pale kijiweni wameshaanza kugombana kama itakuwa mbovu, ingawa hakuna aliyeiona na haijapigwa. Safari hii nimejiandaa. Nimenunua daftari, nimechora mistari: jina, kauli, tarehe, sahihi. Nimelizungusha kwa kila aliyekunywa kahawa. Wote wameongea sana. Hakuna aliyesaini; wanasema wanasubiri trela.