Kamati ya Miguu

Kaskazi ilipokolea Mchangani, njia ya kisimani ikawa haikanyagiki. Punda, anayeubebea mji mzima maji, kwato zilimpasuka. Mbwa akawa anatembea kwa kurukaruka, maana mchanga wa saa saba mchana hauna huruma na nyayo. Wanyama wakaenda kulia kwa Mzee Simba, akawasikiliza akiwa kivulini chini ya mkungu, miguu juu ya mto.

“Kilio chenu nimekisikia,” akasema. “Naunda kamati.”

Uenyekiti wa Kamati ya Miguu akapewa Chatu. Sungura akanyoosha mkono: “Samahani, Mzee. Huyu bwana amewahi kukanyaga wapi?”

Chatu hakukasirika. Akajigeuza, akaonyesha vikucha viwili vidogo karibu na mkia, mabaki ya miguu ya mababu zake. “Nasi tulitoka hukohuko kwenu,” akasema. “Isitoshe, asiye na miguu hana masilahi binafsi.” Baraza likapiga makofi.

Mhazini akawa Jongoo. Posho ililipwa kwa idadi ya miguu, naye alijaza fomu ya miguu elfu moja. Hakuna aliyeinama kuhesabu. Mtaalamu mshauri akawa Funza, kwa hoja kwamba hakuna anayeijua miguu kwa ndani kama yeye. Ukoo wake ulishuka melini Angola mwaka 1872 ukitokea Brazil, na kabla ya karne ile kwisha ulikuwa umeshafika Afrika Mashariki, safari yote ya bara kwa miguu ya wengine.

Vikao vikakaliwa, soda zikanywewa, taarifa ikatoka na mapendekezo mawili. Kwanza, kila mkazi avae mabuti ya mpira kuanzia asubuhi hadi jioni. Zabuni ilimwangukia shemeji wa Mwenyekiti. Pili, kwa ushauri wa mtaalamu, ni marufuku kunyunyiza maji na kufagia ua, kwani vumbi ni urithi wetu.

Wiki haikuisha. Mbwa, ambaye jasho lake hutokea nyayoni, alikuwa akipikika ndani ya mpira. Alipovua buti, harufu ilitangulia. Ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa nyeupe, imelowa, inabanduka. Akajikokota hadi kwa Bi Kanga, kikongwe anayeshinda akitembea.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Lete huo mguu.”

Akauosha kwa maji na sabuni, akaukausha kidole baada ya kidole, ncha ya kitambaa akiipenyeza katikati mpaka pakakauka kabisa. “Fangasi wanapenda unyevu,” akasema. “Dawa ya kupaka utaipata dukani, na usiiache siku muwasho unapokoma.” Kwenye magaga ya kisigino akapaka mafuta ya nazi, katikati ya vidole hakuyapitisha. Kandokando ya kucha akaona kidoa cheusi kilichozungukwa na duara jeupe. “Mtaalamu wenu huyu hapa, kahamia na mayai yake.” Akamtoa kwa sindano iliyochemshwa, akapaka dawa ya vidonda, akaonya kwamba sindano ya funza haiazimwi.

“Sasa kanyunyize ua wako, ufagie. Vaa makatambuga, mguu upate hewa. Kisimani nenda alfajiri. Na usilale kabla hujakagua nyayo.”

“Gharama yake, bibi?”

“Kipande cha sabuni.”

“Ndiyo maana kamati haikuipendekeza,” akasema Mbwa.

Siku ya tatu Punda akagoma. Mzee Simba akapandwa na hasira, akaenda kisimani mwenyewe, pekupeku, jua la utosini. Akarudi kifua mbele. “Nimetembea mchanga wote, sikuona joto lolote! Mmekuwa mkizusha!” Chatu akaandika haraka kwamba tatizo halipo.

Bi Kanga akapiga magoti, akainua unyayo wa Mzee mbele ya watu. Ulikuwa umejaa malengelenge.

“Mzee, sukari unayo miaka mingapi?”

“Mingi.”

“Basi ndiyo iliyoua hisia za miguu. Mchanga umekuchoma kama ulivyotuchoma sisi, ila wewe hukuhisi. Malengelenge haya yasitumbuliwe; uende zahanati sasa hivi. Na tangu leo, joto la njia aulizwe anayelihisi.”

Simba akapelekwa zahanati kwa mkokoteni. Punda aliuvuta kwa sharti la maandishi: njia ya kisimani ipandwe miti ya kivuli, na madumu yasibebwe mchana. Simba akaweka dole gumba, kamati ikavunjwa, na Funza akaondolewa kwa fagio. Mkaguzi wa hesabu akaagizwa aanze na posho ya miguu elfu.

Ndiyo maana hadi leo Jongoo ukimgusa hujikunja duara, miguu yote ndani. Anadhani umekuja kuhesabu.