Besi Dramu Isiyosikika

Mpiga dramu wa jazz ana kazi moja ya ajabu. Mguu wake wa kulia unatakiwa uguse besi dramu kila pigo, wimbo baada ya wimbo, usiku mzima, na msikilizaji asiisikie. Aihisi tu, huko tumboni, bila kujua kinachomfanya atikise kichwa. Ukiipatia, hakuna atakayekupongeza. Ukizidisha nguvu kidogo, mwenye gitaa la besi anageuka na kukutazama. Sasa mfikirie mtu mzima, ana mke, ana watoto, ana kodi ya nyumba, anakosa usingizi akiwaza anunue isiyosikika ya inchi 18, isiyosikika ya inchi 20 au isiyosikika ya inchi 22.

Mtu huyo ni mimi, na jiji ninaloishi halinisaidii. Chicago ndiko zilikotengenezwa dramu za Ludwig na Slingerland, na seti zao za miaka ya 1960 bado zinachomoza kwenye stoo na vyumba vya chini vya watu waliokuwa wakipiga kwenye kumbi za dansi. Kiwanda cha zamani cha Ludwig kwenye barabara ya Damen kimegeuzwa nyumba za kuishi. Huwa nikipita hapo nawaza kwamba leo ukitoa dramu moja na kuipiga ndani ya jengo hilo, lililotoa maelfu ya dramu, polisi watafika kabla hujamaliza wimbo.

Shangazi yangu wa Tanga aliposikia natafuta dramu za jazz alifurahi sana, maana kwake jazz ni bendi za Atomic na Jamhuri, magitaa yanasemezana na ukumbi mzima umesimama. Nikamtumia rekodi ya jazz ya huku ili ajue ninachozungumzia. Akasikiliza yote, Mungu ambariki, kisha akanipigia. "Mwanangu, hao bado wanajaribu vyombo?"

Tuje kwenye inchi. Wapenzi wa 18 ndio wenye imani kali kuliko wote. Watakueleza kwamba dramu ndogo ukiikaza ngozi inatoa noti, inaimba, inajibizana na tomu. Watakutajia Elvin Jones akiwa na John Coltrane, na Tony Williams aliyeingia bendi ya Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17, akipiga Gretsch ya inchi 18. Kwa sababu ya majina hayo, Gretsch za zamani za kipimo hicho bei yake haisemeki mbele ya mke. Wasichopenda kukutajia ni kwamba Tony Williams huyohuyo, baada ya kuwafanya wenzake wote waikimbilie 18, mwenyewe alihamia 24. Wa 22 wanasema 18 ni tomu iliyolazwa ubavu. Na wa 20 ni watu wa suluhu, wanaochukiwa na pande zote mbili. Wao humtaja Ringo Starr, ambaye Ludwig yake ya kwanza na Beatles mwaka 1963 ilikuwa ya 20, halafu wananyamaza, kwa sababu hata yeye hakukawia kuhamia 22.

Mimi nimefikia kuamini kwamba sikio halijawahi kuamua kipimo hata kimoja kati ya hivi. Mwanzoni ngoma kubwa ilipigwa kwa mkono, kijiti kinaruka kutoka huku kwenda kule. William Ludwig alitengeneza pedali yake karibu na mwaka 1909 kwa sababu muziki ulikuwa umeanza kukimbia kuliko miguu ya pedali za wakati ule. Dramu yenyewe ilibaki kubwa kwa sababu ilikuwa pia bango: jina la bendi liliandikwa mbele, wengine wakachora na mandhari, ziwa na mwezi wake. Ndani walitia balbu. Balbu ile ilipendezesha picha, lakini kazi yake nyingine ilikuwa kuikausha ngozi ya ndama isilegee kwa unyevu. Chick Webb, mfalme wa ukumbi wa Savoy pale Harlem, alikuwa mtu mfupi sana, mgongo wake umepinda kwa kifua kikuu cha mifupa, na alipiga besi dramu ya inchi 28 iliyokaribia kumficha. Kisha bendi kubwa zikafa kwa gharama, wanamuziki wakahamia vilabu vidogo ambako jukwaa lilikuwa kona, na dramu zikaanza kupungua. Wapiga dramu wa New York husimulia hadi leo kwamba uzuri wa kwanza wa 18 ni kuingia kwenye teksi. Hadithi hiyo naiamini kuliko zote za noti na kuimba.

Nyumbani kwetu mkutano wa inchi uliongozwa na mke wangu akiwa na futi yake ya cherehani. Tunakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti, na ngazi za nyuma ni za mbao, zinakata kona kila baada ya hatua chache. Alipima mlango, akapima kona, akapima buti la gari, gari ambalo kipasha joto chake kimeshakufa na bado hakijazikwa. "Baba Zuhura, 22 inapita," akatangaza. Ilipita, kwenye futi. Ila 22 ni kipenyo cha pipa lenyewe. Ongeza pete za mbao pande zote mbili, ongeza vibanio vinavyozishika, ongeza mfuko wenye sufi, ndipo upate kitu kinachokutana na ukuta.

Tuliijua tofauti hiyo siku mzee mmoja wa upande wa kusini wa jiji aliponikabidhi 22 yake niijaribu. "Kijana, hii ndiyo dramu," alisema. "Hizo nyingine wekea maua." Nikamwita shemeji anisaidie kupandisha. Kufika kona ya pili ikakwama kati ya reli na ukuta, mimi juu, yeye chini, na nyuma yake jirani amesimama na mfuko wa taka akisubiri kwa adabu.

"Shemeji, igeuze!"

"Niigeuze wapi, shemeji? Ni duara!"

Tukaigeuza hata hivyo, mara kadhaa, kwa matumaini. Baadaye tukaivua mfuko, tukafungua vibanio hapohapo ngazini, na mzee akarudishiwa dramu yake ikiwa salama, pamoja na salamu zangu za heshima.

Basi nikaazima 18. Ngazini ilipanda kwa mkono mmoja, nikajiona mjanja. Tatizo lilianza nilipokaa. Pedali nyingi zimetengenezwa kwa dramu kubwa, kwa hiyo nyundo yake ikiifikia 18 haigongi katikati ya ngozi. Inagonga juu, karibu na pete, na sauti inayotoka ni kavu, ya kubisha hodi. Dawa yake ni kipande cha chuma cha kuiinua dramu ili katikati yake ipande juu kukutana na nyundo. Kwa hiyo unanunua dramu ndogo, halafu unanunua kifaa cha kuifanya iwe mahali ilipokuwa kubwa.

Nikaipeleka kwenye mgahawa mmoja tulikoajiriwa kupiga muziki usiomsumbua mtu anayekula tambi. Sakafu ilikuwa ya vigae, imesuguliwa inang'aa, na zulia langu lilikataliwa kwa sababu wahudumu wangejikwaa. Dramu za zamani zina miguu myembamba ya mbele ambayo kwenye vigae haishiki kitu. Kila nikikanyaga, dramu inasogea kidogo. Kufikia katikati ya wimbo mguu wangu ulikuwa umenyooka wote, nikaanza kuvuta kiti kwa makalio nikiifuata, huku toazi kubwa, ambalo lina stendi yake na halikuwa na safari, likibaki nyuma ya bega langu. Nikawa nalipiga kinyumenyume. Mwenye besi alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka akawa anapiga akiwa amebanwa kwenye meza ya saladi. Wateja wa meza ya mbele walishangilia. Mmoja alikuja kuniambia hajawahi kuona mpiga dramu mwenye hisia kiasi kile.

Nimenunua 20. Ni Ludwig ya miaka ya 1960, rangi ya fedha yenye mng'aro, imechubuka upande mmoja, na ukiikaza vizuri inatoa kitu kati ya noti na ngurumo. Watu wa 18 wameiangalia kwa huruma. Mzee wa 22 nilipompigia simu kumweleza alisema "ishirini," kisha akaniuliza habari za hali ya hewa. Mimi naipenda mno, na katika kona ya ngazi inapita, mradi uitangulize pete ya chini na uvute pumzi.

Mama wa ghorofa ya pili alinisimamisha wiki iliyopita. Nikajiandaa kuomba radhi ya mazoezi. Akasema mazoezi hajawahi kuyasikia hata mara moja, na kwa sekunde chache nilijiona Elvin Jones. "Ninachotaka kujua," akaendelea, "ni kitu gani mnakipandisha ngazini saa saba usiku?"

Nikamfikishia mke wangu malalamiko hayo. Akasema basi tukirudi kupiga usiku, dramu ilale garini. Nikamweleza kwa upole kwamba mbao ya umri ule haiwezi kuachwa kwenye baridi ya Januari ya Chicago, pete zitapinda, gundi itaachia, ni chombo cha kutunzwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Zuhura," akasema, "na mimi niliposema nagandia ndani ya gari hilohilo, ulinijibu nini?"