Ndimu Zikatiwe Uani

Jirani, nisikilize kabla Mangi hajafunga duka. Mtu akikwambia anamjua mtaalamu wa kurudisha mng'aro wa jiwe, muulize kwanza: anakuja kutengeneza jiwe au anakuja kuchunguza watu? Maana wa kwangu hakuligusa jiwe mpaka amalize kunihoji.

Jiwe lenyewe ni kaunta ya jikoni. Jeupe, lina mishipa ya kijivu. Mama Naima alilinunua kwa hela ya mchezo, na tangu siku hiyo lina heshima kuliko mimi. Mimi nikiumwa naambiwa lala, itapoa. Jiwe likipata doa, kikao. Na matatizo yakaja. Karibu na sinki pakafubaa. Pembeni pakamegeka. Katikati mafuta ya kukaangia yakazama humo humo ndani, unasugua mpaka bega linauma, yapo tu. Mama Naima akasema, "Baba Naima, tafuta fundi. Fundi kweli, siyo wale wako."

Wale wangu! Namjua fundi tailizi mmoja, mshkaji, tunakunywa naye kahawa kijiweni. Tailizi na jiwe si vyote vigumu? Nikampa advansi. Akaja na simenti nyeupe, akaziba pale palipomegeka, akalainisha kwa kidole, akaomba nauli. Kilichobaki pale ni kama dawa ya meno iliyosahauliwa kwenye sinki. Lile doa la mafuta akasema linataka grenda. Mama Naima alikuwa amesimama mlangoni. Ile grenda haikuwahi kuchomekwa kwenye umeme. Jamaa siku hizi anakunywa kahawa kijiwe kingine.

Ndipo shemeji akaleta mtaalamu. Shati limechomekewa, tochi, glavu. Geti nimefungua mwenyewe, nimeoga, nimevaa bukta yangu ya Jumamosi. Ananiambia, "Kijana, mwenye nyumba yupo?" Nikamwambia ndiyo mimi. Akacheka kwa adabu, akaendelea kusubiri.

Maswali sasa. "Hili ni marumaru au granaiti?" Nikamjibu ni jiwe. "Jiwe gani?" Jeupe. "Lilipigwa sila lini?" Nikamwambia watoto wangu wana nidhamu, hakuna aliyewahi kulipiga. Basi, nikaachwa. Akamgeukia dada wa kazi, na dada akajibu yote! Marumaru. Sila haijawahi kupakwa. Siki inamwagikia hapa. Ndimu zinakatiwa pale, na anayezikata bila kibao ni baba. Mwezi kwa mwezi namlipa mshahara, kumbe ananiandikia ripoti.

Akaomba ndimu. Akainama kule chini pasipoonekana, akadondosha tone. Jiwe likatoa povu. Wallahi, povu! Anasema marumaru ni kalsiamu kaboneti, asidi ya ndimu inalila. Kwa hiyo pale palipofubaa hapana doa, ni mng'aro umeliwa, na ukisugua kwa sabuni mpaka Idi ijayo hupati kitu. Granaiti haina shida hiyo, yale majabali ya Mwanza ziwani ungeyakamulia ndimu kutwa nzima. Halafu akaleta kipimo cha ugumu, kinaitwa Mohs, mwisho wake 10. Granaiti inapata 6 mpaka 7. Kisu cha jikoni kama 5 na nusu. Marumaru 3. Wote wakasikitika. Mimi sikuona tatizo. Shuleni kwetu ukipata 3 kwa 10 unapigiwa makofi.

Akaanza kutaja namba. 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000. Nikamkatiza, "Kaka, tuishie kwenye hiyo hamsini." Kumbe ni pedi za almasi za kung'arishia, unaanza na ya kukwaruza, unakwenda mpaka iliyo laini, na maji yanamwagika muda wote. Bei yenyewe alimnong'oneza Mama Naima. Mimi niliijua nilipoangalia salio.

Kwanza doa la mafuta. Akakoroga uji mzito wa maji na unga wa soda ya kuokea, akaupaka, akafunika nailoni, akazungushia solotepu. Usiguswe saa 24, ukikauka unayavuta mafuta yatoke. Nikamuuliza huu si uganga? Akasema hata Taj Mahal kule Agra, India, marumaru yake hupakwa udongo ili uchafu utoke. Nikauliza, kwani na wao walikatia ndimu? Dada wa kazi akaenda kuchekea uani. Jikoni kukafungwa kwa ajili ya mgonjwa, na anayepepea jiko la mkaa nje unamjua.

Siku ya kung'arisha, pedi ya 400 iko kazini, umeme ukakatika. Nusu ya kaunta inawaka, nusu imepauka. Mtaalamu akakaa kwenye kiti changu. Akaletewa chai. Akaletewa chapati zangu za asubuhi, zile za moto. Mimi nikala kiporo, eti fundi hapewi kiporo. Umeme uliporudi tope jeupe likaruka kwenye friji, likaruka ukutani, likalifuata shati langu la kazini nyuma ya mlango.

Kusema kweli jamaa anajua. Ile simenti aliichokonoa yote, akaziba kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la marumaru. Nimemulika na tochi yake mwenyewe, sijapaona palipomegeka. Mama Naima akasema nitapaona wapi, wakati hata chumvi humo jikoni siijui ilipo.

Mwisho akapaka sila, akafuta. Akasema inazuia mafuta yasizame, ila ndimu haiizuii. Hiyo sentensi aliisema akiniangalia mimi tu. Mama Naima akaandika sheria, akabandika kwenye friji: ndimu zikatiwe uani. Nikatii. Nikakatia uani, nikaingia na sahani yangu ya samaki, nikakaa zangu chini sebuleni, mbali kabisa na hilo jiwe lao.

Mtaalamu anaaga, anapita sebuleni, akapiga magoti. Anapapasa sakafu. Terazo, ipo tangu nyumba inajengwa. "Bosi," anamwambia Mama Naima, "hii ndani ina vipande vya marumaru. Inang'arishika kabisa." Kisha akakaza macho hapo nilipokaa. Mama Naima naye akaangalia. Kipande cha ndimu kilikuwa mkononi, na nilikuwa nimeshaanza kukikamua. Dada wa kazi alitoka jikoni mbio na kitambaa.