Asilimia 112

Ukitaka kujua kama chuo kinafundisha kemia au kinafundisha kutunga hadithi, usisumbuke na mitihani. Omba ripoti za maabara za mwaka wa kwanza, hasa za titresheni, lile jaribio ambalo mwanafunzi hudondosha alkali kutoka kwenye bureti hadi mmumunyo uanze kuona haya kwa waridi hafifu. Mle maabarani utakuta bureti zenye koki zinazovuja, pipeti zilizomeguka ncha, mizani inayobadili mawazo kila mtu akipita karibu, na chupa ambazo waridi lake linaonekana kutoka mlangoni kwa sababu mwenye mkono kwenye koki aligeuka kumjibu jirani. Sasa fungua ripoti. Sentimita za ujazo 24.9, 25.0 na 25.0, kuanzia kundi la kwanza hadi la mwisho. Koki hazikuvuja, macho hayakuteleza, na jirani inaelekea hakuuliza kitu siku ile. Madai yangu ni kwamba mikosi ya maabara ndiyo sehemu ya somo hili yenye faida kuliko zote, na kwamba mkosi pekee wa kuogopwa ni ripoti isiyo na mkosi.

Nianze na ushahidi ulio karibu, ule wa mezani. Mwanafunzi anapewa chumvi asiyoijua, anaambiwa achovye waya kwenye asidi ya hidrokloriki, auguse unga, kisha auingize kwenye moto ausome kwa rangi. Potasiamu hutoa zambarau nyepesi, kalisi nyekundu ya matofali, shaba kijani. Lakini kabla ya kufika kwenye moto, waya umepita kwenye vidole vyenye jasho, na jasho lina chumvi ya kawaida, na sodiamu ikiingia motoni huwaka njano inayofunika kila rangi nyingine. Matokeo yake darasa zima linagundua sodiamu. Benchi la pili chupa ya maji yaliyotoneshwa imekwisha, mtu kajaza ya bomba, na akitia nitreti ya fedha anapata mashapo meupe ya kloridi. Anapata kloridi kwenye chumvi ya kwanza, kwenye ya pili, na angeipata hata kwenye bomba tupu la majaribio kama angekumbuka kulipima. Ukiunganisha mabenchi haya mawili, chumvi zote duniani ni ile ya mezani.

Hapo msimamizi ana njia mbili. Anaweza kunong'ona jibu la kwenye mwongozo, wote waandike, waende kula. Au anaweza kuuliza: ukipima maji peke yake, unapata nini? Swali hilo ni kemia zaidi kuliko jedwali zima la rangi za moto, kwa sababu linamfundisha mtu kwamba kipimo hakisemi juu ya kitu kinachopimwa tu. Kinasema pia juu ya vidole, maji, vyombo na haraka ya mpimaji. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi anayetengeneza aspirini na kupata mavuno ya asilimia 112. Katika dini huo ungekuwa muujiza, na katika biashara ungekuwa mwaka mzuri. Katika kemia maana yake ni kwamba fuwele zimepimwa zikiwa mbichi, na asilimia zaidi ya kumi ya alichokiita dawa inaweza kuwa maji tu. Mwenye asilimia 112 amejifunza kitu ambacho mwenye 87 ya kubuni hatakijua kamwe. Hapa natetea uongo mmoja mdogo: hata yule anayepunguza 112 ikawa 92 amelazimika kwanza kujua kwa nini 112 haiwezekani. Anayestahili kuhurumiwa ni aliyeidesa 87 kwa mwenzake, pamoja na makosa ya tahajia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watoto, sayansi ya watu wazima haijengwi juu ya koki zinazovuja. Basi tumtazame Lord Rayleigh wa Uingereza, mtu mzima wa kutosha. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 alipima uzito wa naitrojeni. Lita moja iliyotolewa hewani ilikuwa gramu 1.2572; iliyotengenezwa kutokana na kampaundi za kemia ilikuwa gramu 1.2505. Tofauti hiyo ni kama nusu ya asilimia, na mwaka wa kwanza wetu angeimaliza kwa kalamu kabla ya chai. Rayleigh hakuwa na adabu hiyo. Mwaka 1892 aliitangaza aibu yake katika jarida la Nature, akiwaomba wanakemia wamsaidie kuieleza, na mwaka 1894 yeye na William Ramsay walitangaza kwamba ile ziada ilikuwa gesi isiyojulikana, agoni, ambayo ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta. Mwaka 1904 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, mmoja ya fizikia na mwenzake ya kemia. Huwa najiuliza ni agoni ngapi zimezikwa katika madaftari ya mwaka wa kwanza. Pengine hakuna hata moja, lakini hatuna namna ya kujua, na ubaya wa kupika data ndio huo.

Ushahidi wa nyumbani una ladha zaidi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa ya aiskrimu yangali ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaingiza bila kuyachemsha. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa chuo kikuu kishiriki. Osborne akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, kisha, kwa uaminifu wote wa kazi yake, akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka lipatikane jibu sahihi. Osborne mwenyewe aliisimulia ahadi hiyo katika makala aliyoandika na Mpemba mwaka 1969. Nampenda sana fundi yule. Hakuwa mvivu wala mwongo. Alikuwa amelelewa katika maabara ambamo jibu hufika kabla ya jaribio. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama maji ya moto kweli huganda haraka na kwa nini, lakini wanabishana kwa sababu kijana mmoja aliripoti kilichotokea badala ya kilichotarajiwa.

Pingamizi zito kuliko hilo la mambo ya watoto linatoka kwa wanafunzi wenyewe, nami naliheshimu. Alama hutolewa kwa ukaribu na jibu la kwenye mwongozo. Aliyepata 27.3 kwa haki anaweza kuishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, na wachache watakwenda disko, yaani kuondolewa chuoni, kwa ajili ya ukweli wa koki. Nakubali kabisa. Ukimlipa mtu kwa 25.0, atakuletea 25.0, iwe bureti ilikuwepo au haikuwepo. Lakini hoja hiyo haimshtaki anayepika, inamshtaki aliyeweka jiko. Lawama ziende pia kwa ile sehemu ya ripoti inayoitwa vyanzo vya makosa, ambako kila mtu huandika "makosa ya kibinadamu" na kupewa alama mbili. Binadamu yupi? Alifanya nini? Alisoma bureti kutoka juu badala ya usawa wa macho, aliacha kiputo cha hewa kwenye ncha, au aliacha kostiki soda wazi ikanyonya unyevu na kaboni dioksidi mpaka uzito wake ukawa uvumi? Aliyetaja moja ya hayo na kueleza ingesogeza jibu upande gani, amefanya kazi ya siku.

Wengine watalia bei. Kemikali ni ghali, nitreti ya fedha haipewi jina hilo kwa utani, na nchi haina fedha za kumwagia makosa. Tena wengi wanaofika chuoni ndiyo mara yao ya kwanza kushika bureti: mwaka 2014 wilaya zilikuwa bado zikikimbizana na agizo la Rais Kikwete la kila shule ya sekondari ya kata kuwa na maabara tatu. Sawa, lakini kemikali iliyotumika katika jaribio lililopikwa imemwagwa pia, na haikumfundisha mtu lolote. Hiyo ndiyo ghali. Kama bajeti ni ndogo, majaribio yawe machache, lakini kila moja lifanywe mara mbili: mara ya kwanza liharibike, mara ya pili wanafunzi waeleze kwa nini.

Kuna mikosi nisiyoitetea, na hapa mzaha unakaa pembeni. Asidi ya sulfuriki hutiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye asidi. Ukigeuza utaratibu, joto hurusha asidi usoni. Pipeti hainyonywi kwa mdomo. Kandambili zibaki bwenini na miwani ikae machoni, si juu ya nywele kwa ajili ya picha. Hakuna hekima iliyojificha katika jicho lililoungua.

Pingamizi lililobaki ni la mgonjwa: nani anamtaka mfamasia aliyelelewa kusherehekea makosa? Mimi namtaka. Huyo akikuta vidonge vya shehena moja vimepungua dawa ataandika vimepungua, na mtu ataulizwa. Mwenzake aliyezoea 25.0 ataandika viko sawasawa, kwa mwandiko mzuri, na sisi tutavimeza. Mwaka wa kwanza ndipo mkono huzoea mojawapo ya tabia hizi, maana baadaye hakuna anayesimama nyuma yako kuangalia koki.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaosahihisha, maana wanafunzi wamekwisha kutimiza sehemu yao na mikosi ipo ya kutosha. Nusu ya alama zihamie kwenye maelezo ya makosa. Makundi yote yakileta jibu moja, yarudie mbele yenu. Na ripoti ya asilimia 112 isirudishwe ikiwa na mkasi mwekundu. Irudishwe na swali moja tu: uliikausha kwa muda gani?