Jinsi ya Kuamua Kikapu kwa Busara na Kurudi Nyumbani Salama

Refa mwenzangu, filimbi unayo, shati limekukaa vizuri, mechi inakaribia kuanza, na kitabu cha sheria hujakigusa. Usihofu. Waliokisoma nao huzomewa vilevile.

Kwanza, shika kifungu kimoja tu. Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinamtaka mwamuzi apime kama mgusano umemnufaisha mmoja isivyo haki, asikate mchezo kwa kila kuguswa kidogo, tena atumie busara akizingatia uwezo na mwenendo wa wachezaji walio mbele yake. Raha iliyoje! Ukiulizwa lolote, jibu unalo: "Nimetumia busara." Kifungu hichohicho kinakudai pia uwe na msimamo usiobadilika, na dai hilo kimelirudia karibu kila mstari. Hapo pita haraka.

Pili, puliza halafu ndiyo ufikiri. Ngumi juu ni faulo. Kiganja wazi ni makosa mengine, kama kutembea na mpira. Wewe inua mkono vidole vikiwa nusu vimekunjwa, kisha tega sikio. Benchi lipi limeruka? Jukwaani wanapiga kelele gani? Punde tu vidole vyenyewe vitajua vifunge au vifunguke. Na kwa utulivu huo, watu watasema refa huyu ni mzoefu.

Tatu, mgongano chini ya kikapu. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo marefa huumbuka. Mshambuliaji anakuja mbio, mlinzi yuko njiani, puu, wote chini. Ungetaka kuifanya kazi kweli, ungemtazama mlinzi kabla hawajagongana. Alimkabili mwenzake miguu yote miwili ikiwa chini? Aliwahi kufika pale kabla mshambuliaji hajaruka? Kilichogongwa ni kifua chake, au yeye ndiye aliyechomeka nyonga? Na je, alikuwa ndani ya ile nusu duara ya mita 1.25, ambamo hawezi kusimama tu agongwe kisha adai faulo? Yote hayo yanataka jicho liachane na mpira, na mpira ndio unaopendeza. Basi endelea kuutazama mpira. Vumbi likitulia, mpe haki aliyeteleza mbali zaidi. Nusu duara isikunyime usingizi. Kwenye viwanja vingi vya wazi jua na soli za viatu vimeshaimaliza. Anayebisha, mwambie akuonyeshe mstari.

Nne, sawazisha. Faulo ya tano ya timu katika robo moja humpa mpinzani mitupo huru miwili, kwa hiyo kila mtu ana jicho kwenye meza ya waandishi. Nne kwa moja inaonekana vibaya, hata kama timu moja inacheza mpira na nyingine inacheza kwa viwiko. Watafutie wenzao tatu za chapchap. Ukikosa, kuna sekunde tatu za kukaa chini ya kikapu: hiyo haikosi mkosaji kamwe. Kipaji chako kimechelewa kuzaliwa tu. Katika sheria 13 za James Naismith, aliyeubuni mchezo huu kule Springfield, Marekani, mwaka 1891, timu iliyofanya faulo tatu mfululizo, bila wapinzani kufanya hata moja katikati, ilimpa mpinzani goli. Kwa mkono wako, goli hilo lisingepatikana hadi leo.

Tano, mheshimu nyota. Ana faulo nne, ya tano inamtoa, na watu wamelipa kiingilio kumwona. Kiwiko chake kikikutana na pua ya mtu, faulo mwandikie kinda aliyesimama jirani. Kinda habishi. Anajua wiki ijayo mtakutana tena.

Sita, dakika ya mwisho filimbi itie mfukoni. Sema kiungwana: "Waache vijana wamalize wenyewe." Kutopuliza nako ni kuamua, ila hakuna ishara ya mkono wala mahali pa kukuandika mezani, na ndiyo maana kunapendwa.

Kocha je? Anayefoka mpoze: "Nimekusikia, kocha." Usiongeze neno, maana maelezo huzaa maswali. Wa kuogopwa ni yule anayekuja taratibu, mikono nyuma, akitaja kanuni kwa namba yake. Huyo mpige faulo ya kiufundi kabla hajamaliza sentensi.

Mwisho kabisa, karatasi ya matokeo. Mwamuzi mkuu akishaitia saini, uhusiano wa waamuzi na mechi ile umekwisha, na hii si kejeli, imeandikwa kwenye kanuni. Kwa hiyo njoo na kalamu yako, usisubiri ya mezani. Ukishasaini, atakayekukimbilia na video kwenye simu mwulize kwa upole: mechi hiyo ilikuwa kati ya nani na nani?